Mwezi Niliofundisha Kuondoa

Wanafunzi wangu ni watu wazima. Ni wake za watu, wajane, wapishi wa harusi, na mmoja anayeuza viazi karai mlangoni kwake. Wanapanda kwangu baada ya Alasiri, siku tatu kwa wiki, kujifunza Kiingereza kwenye ukumbi wa ghorofani, hapa Mji wa Kale, penye mikeka miwili na ubao wa zamani niliopewa na shule iliyokuwa ikiubwaga. Subira sina, na wao wanajua. Mtu akichelewa namwambia arudi huko alikotoka, halafu namwita kabla hajashuka ngazi ya tatu.

Nafundisha kwa mikono. Kumkalisha mama wa miaka hamsini chini aimbe orodha kama mtoto wa chekechea, mimi siwezi, na yeye hawezi. Nikitaka ajue neno la kupara samaki, nataka samaki aje, na kisu kije, na magamba yaruke mpaka ukutani. Ndiyo sababu mwaka ule nilitenga mwezi mzima kwa maneno ya kuondoa. Niliwaza hivi: mwanamke wa mji huu tangu alfajiri kazi yake ni kuondoa tu. Anafua nazi, anamenya vitunguu, anaambua muhogo, anakwangua ukoko, anaengua mafuta juu ya mchuzi, anapangusa vumbi, anaanua nguo. Sisi kila kuondoa tumekupa jina lake. Mwingereza naye anayo majina yake, lakini mara nyingi anashika neno moja, *take*, kisha analifunga mkia: *off* ukivua, *out* ukitoa, *away* ukipeleka mbali. Siku niliyowaeleza hayo walicheka sana. Yule wa viazi karai akasema, "Kumbe wavivu tu hawa!"

Mdogo wangu alikuwa miongoni mwao. Ni mdogo wangu wa baba mmoja mama mmoja, anakaa Majengo, na wakati huo alikuwa ameolewa mara ya pili na mtu anayefanya kazi ghalani katika nchi ya baridi huko ng'ambo. Ili amfuate mumewe ilimbidi afaulu mtihani wa Kiingereza. Alinijia akaniambia, "Dada, nisomeshe, nitakuwa mtiifu." Nilifurahi, wallahi. Huyu alikuwa mtu wa kuanza na kuacha. Alianza ushonaji akaacha, akaanza keki akaacha, cherehani yake mpaka leo iko chini ya kitanda changu. Lakini safari hii hakukosa hata siku moja. Alikuja na daftari lake na kalamu mbili, akakaa mbele kabisa.

Mtu wa tatu ni mwanangu. Nasema mwanangu na nitaendelea kusema, lakini lazima nieleze. Aliyemzaa ni mdogo wangu. Alipoachwa na mume wake wa kwanza mtoto alikuwa na miezi kumi na mmoja, na mimi wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani, nimeachika kwa sababu sikuzaa. Mama yetu, Mungu amrehemu, alituita sote wawili ukumbini. Akamtoa mtoto mapajani mwa mwenzangu, akamweka mapajani mwangu, akasema, "Huyu lea wewe." Mdogo wangu akasema, "Nimempa dada." Basi, yakaisha. Tukanywa chai.

Kwetu ndivyo mambo yanavyokwenda. Nusu ya watu wa mtaa huu wamelelewa na mama wakubwa na bibi zao, na sijasikia aliyekwenda kortini kwa hilo. Kumwambia ndugu yako "tuandikiane" ni kumwita mwizi mchana kweupe. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na jina la mdogo wangu, kikakaa kwenye sanduku langu pamoja na vyeti vyangu vya ualimu, na mimi sikuona kasoro yoyote. Mtoto aliniita Mama, na mdogo wangu akamwita Mama mdogo. Tukaishi hivyo miaka kumi na mitatu.

Kiingereza cha mwanangu nilikianzisha mimi, kabla hajajua hata kufunga viatu. Nilikuwa najivuna nacho, nakiri. Wageni wakija nilimwita asome gazeti. Mwezi ule wa kuondoa yeye ndiye aliyekuwa akiniandikia ubaoni, kwa sababu mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, na akina mama walimpenda. Walimwita Mwalimu mdogo.

Siku moja, samaki wameshaparwa na watu wameanza kutunga sentensi, mdogo wangu akainua mkono.

"Dada, nikitaka kusema namtoa mtu mahali anapokaa, nakwenda naye kwingine, nasemaje?"

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote. Mzee. Mtoto."

Nikamweleza, tena kwa raha zangu, maana ni mara chache mwanafunzi huuliza kitu cha maana. Nikamwambia ukimchukua kwa ridhaa ni neno hili, ukimpokonya ni jingine, ukimhamisha kwa sheria ni jingine tena. Akaandika yote. Nikamfanya atunge sentensi yake, nikamsahihisha, nikamfanya airudie mara tatu mpaka ikakaa sawa mdomoni. Mwanangu alikuwa ubaoni na chaki mkononi. Hakugeuka, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Juma hilohilo mdogo wangu aliniomba cheti cha mtoto. Alisema ni mambo ya kadi ya hospitali, ati wanataka kumwandikisha upya. Nikafungua sanduku nikampa kwa mkono wangu huu, nikamwambia asikikunje.

Halafu kukawa na harusi ya Malindi. Mdogo wangu alisema upande wa mume wake wana harusi, na angependa aende na mtoto, siku tatu tu, naye ajuane na watu. Nikasema haya. Nikamtolea mwanangu gauni lake la kijani nikalipiga pasi, nikamfukiza udi. Alirudi siku ya tatu mikono yote miwili ina hina, maua mpaka kwenye viwiko, akakaa jikoni akanihadithia: bibi harusi alivaa nini, chakula kilichelewa vipi, mama mmoja aliangusha sinia la biriani akasingizia paka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikamwambia hina hiyo imeshika vizuri, mpambaji wao hodari.

Zilipita kama wiki tatu. Nikashuka kwa yule mtu wa fotokopi kwenye kichochoro cha nyuma, ambaye hunitolea karatasi za darasa. Akanipa za kwangu, kisha akaingiza mkono chini ya meza.

"Mwalimu, na hizi. Mdogo wako alizisahau Jumatatu. Nikasema nitakupa wewe, mtafikishiana."

Nikamwambia ahsante. Nilizitazama njiani ili nijue kama ni kitu cha haraka. Ya kwanza ilikuwa fomu ya viza, nayo ilikuwa na picha ya mwanangu, ile sura yake ya kukaza midomo akipigwa picha. Ya pili ilikuwa risiti ya treni ya Nairobi, watu wawili, kwenda na kurudi. Nikatazama siku zake. Zilikuwa siku za harusi ya Malindi.

Ya tatu ilikuwa barua kwa Kiingereza. Ilisema kuwa mtoto huyu amekaa na mama yake mzazi, Majengo, tangu kuzaliwa mpaka leo, na kwamba dada wa mama humsaidia kumwangalia mara mojamoja, akitoka shule. Nyuma yake palikuwa na barua ileile imeandikwa kwa mkono kwanza, kabla ya kupigwa chapa. Mwandiko ule nilikuwa nikiuona ubaoni kwangu siku tatu kwa wiki.

Nilikaa kwenye baraza ya watu, sijui hata ya nani. Mara mojamoja! Surua yake nimeilalia mimi, siku nne hospitali, nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Alipoogopa giza, ni mimi niliyehamisha kitanda chake. Miaka miwili mizima hakukubali kula ila akae pajani pangu, na mimi nilikuwa nakula na mkono mmoja. Yote hayo yamefutwa kwa mstari mmoja, na mstari wenyewe umetoka kwenye kalamu yake. Tena, Mungu anisamehe, niliusoma kama mwalimu. Nilitafuta kosa nimshike nalo, hata nukta moja iliyokaa vibaya, nikakosa. Ilikuwa barua safi kabisa.

Nikapanda tuk-tuk mpaka Majengo. Mdogo wangu alikuwa uani, amekalia mbuzi anakuna nazi. Nikamrushia karatasi mapajani.

"Hii nini?"

Akazitazama. Akakuna tena mara mbili tatu, halafu akaacha.

"Umezipata wapi?"

"Nakuuliza hii nini!"

"Dada, kaa kwanza."

"Sikai."

"Ningekwambia."

"Lini? Ukishapanda ndege?"

"Ningekwambia mapema ungekataa."

"Na ningekataa, sana! Ulinipa wewe. Ulisema kwa mdomo wako, mbele ya Mama."

Hapo ndipo alipoinuka, na unga wa nazi umemganda mikononi. "Nilikuwa na miaka ishirini," akasema. "Mama alimtoa hapa, hapa mapajani mwangu. Mimi niliulizwa nini? Nilisema nimekupa kwa sababu wote mlikuwa mnanitazama mkingoja niseme."

Hasira zikanipanda zaidi. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia na hili, ambalo nitaliandika: kwamba alikaa mbele yangu mwezi mzima, akala kaimati zangu, akaniuliza asemeje akinipokonya mtoto, nami nikamsahihisha. Kama alikuwa na haki, angekuja na haki yake mlangoni tupigane. Mbona alikuja na daftari?

Alilia, lakini akili haikumtoka. Akaniambia kuwa nambari yangu ya simu iko kwenye fomu, kwa sababu ndiyo iliyo shuleni, na kwamba watu wa viza huenda wakanipigia kuhakikisha. "Ukiwaambia umemlea wewe, watasema mimi sikuwa mlezi wake, na hatapata. Nitakwenda mimi peke yangu, yeye atabaki."

"Basi atabaki," nikamwambia, nikatoka.

Nyumbani mwanangu alikuwa akipiga pasi sare yake. Nilikuwa nimejipangia maneno makubwa njia nzima, lakini nilipomwona kilichonitoka ni hiki:

"Hebu niambie tena, yule bibi harusi wa Malindi alivaa nini?"

"Nyeupe," akasema bila kuinua kichwa, "halafu ya pili ya dhahabu, ina mkia mrefu, wasichana wawili wameu..." Ndipo akaziona karatasi mkononi mwangu. Akaisimamisha pasi.

Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote, wepesi wake. Hina ile walipakwa hukohuko Nairobi, walikokwenda kwa mambo ya viza, karibu na stesheni, kwa kunipumbaza mimi, na hadithi ya sinia la biriani aliitunga mwenyewe kwenye treni. Aliniambia alipoulizwa. Hakuficha tena kitu, ikawa kila nikiuliza ananijibu, mpaka nikaogopa kuuliza.

"Barua nani kaandika?"

"Mimi."

"Nani kakwambia uandike mara mojamoja?"

Akakunja shati, akalikunjua. "Mama mdogo alitaka tusikutaje kabisa. Mimi ndiye niliyesema tukutie kidogo."

Kidogo! Lo! Aliniambia hivyo kama mtu aliyenifanyia hisani, na nadhani kwa akili zake kweli alikuwa amenifanyia.

"Na wewe wataka kwenda?"

"Nataka." Hakusita hata kidogo. Alisema huko atasoma udaktari wa meno, ana ndugu wawili wa kambo anaoongea nao kwenye simu, ameshaonyeshwa chumba chake. Yote hayo yalikuwa yanaendelea kwenye simu niliyomnunulia mimi, chumba cha pili kutoka changu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelia."

Na mimi pale nimesimama nalia.

Darasa sikulivunja. Mwezi wa kuondoa ulikuwa umeisha, tukaingia maneno mengine kama nilivyopanga, na akina mama walipouliza mdogo wangu yuko wapi niliwaambia ana homa. Mwanangu aliendelea kuniandikia ubaoni. Alikuwa ameanza kuninyenyekea. Alikuwa anaosha vyombo kabla sijamwambia, ananichemshia chai ya tangawizi, ananiuliza kama mgongo unauma. Wanafunzi wangu hunifanyia hivyo mtihani ukikaribia, kwa hiyo najua nilikuwa naangalia nini. Chai nilikunywa.

Na mimi nilijitayarisha. Sitajipaka mafuta hapa. Nikioga nilikuwa nasema kwa Kiingereza, polepole, kila neno mahali pake: mtoto huyu nimemlea mimi tangu ana miezi kumi na mmoja, ushahidi ninao, waulizeni walimu wake, ulizeni hospitali. Nilitaka wakataliwe. Nilitaka mdogo wangu aende na baridi yake, mwanangu alie juma moja, mwezi mmoja, halafu anyamaze na maisha yarudi. Nilikuwa nimeshapanga mpaka nitakachompikia siku ya kwanza atakapokubali kula.

Simu ilikuja Jumamosi asubuhi, nimekaa ukumbini na ungo nachagua mchele. Nambari ya Nairobi. Sauti ya mwanamke, adabu tele, Kiingereza cha kupimapima. Akajitambulisha, akaniuliza kama nina dakika mbili. Nikasema ninazo. Mwanangu alikuwa jikoni, na aliposikia naongea Kiingereza akaja akasimama mlangoni, mikono ina povu la sabuni.

Mwanamke akaniuliza mimi ni nani kwa mtoto. Nikasema, dada wa mama yake. Akaniuliza mtoto anakaa wapi. Nikamtazama mwanangu. Nilidhani ataniomba. Nilidhani atatikisa kichwa, ataunganisha viganja, atafanya japo ishara moja ya kuniomba, na mimi ningejua la kufanya nayo. Hakufanya lolote. Alikuwa ananitazama mdomo. Hakuniangalia machoni, aliangalia mdomo tu, kama mtu anayesubiri kuona jibu litakuwa sahihi au siyo.

"Anakaa Majengo," nikasema, "na mama yake."

"Na wewe humtunza?"

"Mara mojamoja. Akitoka shule."

Akanishukuru. Akanitakia siku njema, nami nikamtakia. Dakika mbili hazikutimia.

Watu wasinisifu kwa hilo, sikusema kwa wema. Nilisema kwa sababu niliona wazi kuwa nikisema kweli ningebaki na mtoto aliyekwisha kunitoka, ananitazama vile kila siku mpaka akue. Na nilikuwa na hasira na mwanamke yule wa simu kwa kuniamini upesi hivyo. Miaka kumi na mitatu, na hakuniuliza hata swali la pili.

Niliweka simu juu ya mchele. Nikangoja. Nasema kweli, angepiga hatua moja kuja kwangu, hatua moja tu pale mlangoni, ningemsamehe Nairobi na hina na barua na yote. Alifuta povu kwenye leso aliyojifunga.

"Wakipiga tena," akauliza, "utasema hivyohivyo?"

"Nitasema hivyohivyo."

Akaingia chumbani, akafunga mlango, akampigia simu mama yake.